Maji Tuliyowapelekea Watani

Sijawahi kupenda vikao, na miaka ile ya vijiji vya ujamaa kazi yangu ilikuwa vikao. Nilikuwa Bibi Maendeleo wa wilaya, Kilosa. Nikitoka kijiji chetu cha Ulaya kuhimiza akina mama wachimbe vyoo, naingia kikao. Nikitoka hicho, kingine kinaningoja. Vingi nimevisahau, wala sisikitiki. Kimoja kimenikaa rohoni mpaka leo.

Wageni walitoka pwani, wilaya ile ambako mto wetu unamalizikia baharini. Mkondoa ukitoka kwetu unaingia Wami, na Wami hausimami mpaka uonje chumvi. Serikali ya kule ilikuwa imekwisha kulalamika kuhusu maji, na ya kwetu ikajibu, kwa heshima zote, kwamba suala linashughulikiwa. Safari hii wakaja wenyewe. Walikuwa wawili: Bwana Samaki wao, yaani afisa wa uvuvi, mtu mrefu mwenye kanzu safi, na Bibi Maendeleo mwenzangu. Upande wetu tulikuwa mimi, wakubwa wa wilaya, meneja wa shamba la mkonge, na mwenyekiti wa kijiji kinachopakana na shamba pamoja na watu wake.

Maji ya kijani yaliyotoka kwenye mashine ya kukamua singa za mkonge yalikwenda moja kwa moja mtoni. Yalinuka, lakini harufu ile tulikuwa tumeizoea. Yakishapita daraja, hayakuwa yetu tena. Wenzetu walichoomba kilikuwa kidogo: shamba lichimbe mashimo, maji yakae humo yatulie kabla ya kuachiwa, na wilaya zote mbili ziwe zinakagua pamoja. Meneja alishasema vibarua wa kuchimba hana.

Sasa, sisi Wasagara na watu wa kule ni watani. Mtani anaweza kukuchukulia kuku uani mwako ukabaki unacheka. Msibani ndiye anayejilaza njiani maiti isipite mpaka apewe chochote, anayemwigiza marehemu, anayewachekesha wafiwa, na hakuna wa kumkasirikia. Na mtani kujizushia kifo ni mchezo wa kila siku.

Kwa hiyo Bwana Samaki aliposimama akasema, "Watani zangu, mmeniua," ukumbi uliangua kicheko. Akaendelea kwa sauti ileile, kwamba maji ya kiangazi yanafika kwao yameoza, samaki wanaelea, kamba wamehama, watoto wanaharisha, na yeye mwenyewe amezika. Mwenyekiti wetu, ambaye ulimi wake haukujua kulala, akamdaka papo hapo: umezika nini, mkia wa papa? Umekuja kutafuta rambirambi ya bure, sema tu unataka kuku gani. Tukacheka tena, na mimi nikiwemo. Meneja alicheka kuliko wote, na mpaka leo naamini alifurahi kuona mazungumzo yamepotea njia.

Bwana Samaki akakaa. Hakukasirika, maana mtani hana ruhusa hiyo. Aliinamisha tu kichwa na kuikunja kofia yake mikononi.

Ndipo mwenzangu wa pwani akasimama. Yeye alizaliwa kwingine, hakuwa na utani nasi.

"Ndugu zangu," alisema, "amemzika binti yake. Tumetoka kwenye matanga kuja hapa."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimchukia meneja, nikamchukia mwenyekiti, na mdomo wangu sikujua niuweke wapi.

Mwenyekiti alisimama taratibu. Akasema kikao kimekwisha, kwa sababu mtani akifiwa hukai ukajadili, unakwenda. Meneja akaanza kueleza kazi alizonazo. Mwenyekiti akamwambia lori la kutupeleka ni la shamba, kwa hiyo na meneja wa shamba anakwenda.

Tuliondoka alfajiri kupitia Mikumi. Pale madereva wa malori walikuwa wakimfahamu mwenyekiti, wakaanza kumchokoza kutoka kwenye vibanda vya chai. Hakuwajibu hata mmoja. Alitazama barabara mpaka tukaipita Morogoro.

Kijiji chao kilikuwa kipya. Watu walihamishiwa pale kutoka huku na huku, wakaahidiwa visima, na visima vilikuwa bado. Wote walikunywa mto. Tulimpa pole mama wa marehemu, aliyekuwa amekaa mkekani, kisha tukapelekwa kaburini. Lilikuwa fupi sana. Nililia kabla sijafika.

Bwana Samaki akamgeukia mwenyekiti wetu.

"Sema basi, mtani," alisema. "Siku tuliyomzika hapakuwa na wa kutuchekesha."

Ulimi wa mwenyekiti ukakataa. Mwisho akaomba maji ya kunywa. Akaletewa kwenye kata, yametoka mtungini, na harufu niliisikia hayajamfikia mkononi. Ilikuwa harufu ya kwetu. Akanywa nusu, polepole, kisha akampa meneja ile kata.

"Kunywa na wewe," akamwambia. "Chai ya shambani kwako hii. Wenzio wanainywa bila sukari."

Mfiwa akacheka. Alicheka mpaka akachutama kando ya kaburi la mwanawe, na palepale kicheko kikageuka kilio. Mwenyekiti akaketi mchangani karibu naye, akamshika bega, wakalia wote wawili.

Meneja alibaki amesimama, kata ameishika kwa mikono miwili. Hakunywa. Alisema turudi, akachimbe mashimo.