Jino la Kerrow

Gichuki alikuwa dresa wa gari la wagonjwa la Garissa, nami dereva wake, miaka ile ya vita vya mashifta, waasi wa kaskazini. Alitoka Nyeri akidhani ameitwa kufunga vidonda. Kumbe nusu ya kazi ilikuwa maiti. Alichoka hadi akasahau kunung'unika, lakini jambo moja hakulilegeza. Mtu akifia garini, alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa bendeji, akamnyoosha miguu, ndipo akaniruhusu kuendelea. "Akikauka mdomo wazi," aliniambia, "watu wake watamkumbuka hivyo." Mimi, kwa jua lile, nilikuwa nataka kufika tu.

Mwaka wa sitini na sita tulikuwa tukimleta mchungaji mmoja wa ngamia, Kerrow, kutoka Ijara. Tumbo lilikuwa limemfura, na alikata roho njiani, saa za adhuhuri. Mkewe, Rahmo, aliyepanda naye nyuma, hakupiga yowe. Alimngoja Gichuki amalize kufunga bendeji.

"Daktari, askari wa kizuizi wakijua amekufa, watabeleka yeye kambi. Watauliza ni shifta ama si shifta, mbaka anaoza. Mimi nataka ndugu zake Garissa wazike yeye leo."

Hakuwa anazua. Tulishawahi kunyang'anywa maiti hapo, na wenyewe hawakurudishiwa.

"Basi ni mgonjwa," akasema Gichuki. "Mimi ni dresa. Hapa hakuna daktari wa kusema amekufa."

Kizuizini askari akafungua mlango wa nyuma. "Huyu amefungwa nini usoni?"

Tulikuwa tumeisahau ile bendeji, wapumbavu sisi! Gichuki hakunyanyua hata kope.

"Jino."

"Jino tu, na gari la serikali?"

"Limetunga usaha. Homa imempanda kichwani."

Askari akajishika shavu, nadhani naye alikuwa na lake. Lakini hakuondoka. "Mbona hatikisiki?"

Hapo Rahmo akaanza. Alimwinamia mumewe, akampangusa paji la uso kwa ncha ya shuka lake, akamgombeza kwa Kisomali bila kupumua. Kisomali changu ni cha sokoni, lakini nilisikia ngamia, nikasikia mama mkwe, nikasikia mvua ya mwaka jana. Askari akacheka.

"Mama huyu hana huruma hata kwa mgonjwa! Haya, nendeni."

Nilikanyaga mafuta. Nilikuwa nimechoka, nimeichoka barabara, vita na kila mwenye bunduki. Kizuizi kilipopotea nyuma ya vumbi, nilimsikia Gichuki akisema taratibu, "Mama, tumepita. Sasa lia tu."

"Ngoja, daktari," akasema Rahmo. "Bado sijamaliza kuambia yeye."

Gichuki akagonga kidirisha mgongoni pangu, akaniambia nipunguze mwendo.