Tairi Mpya, Usukani Unatetema

Siku niliyotia tairi mpya naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na leo nakusimulia kwa hasira, maana jana umenichosha. Umenichukua Mokowe kunipeleka kijiji cha Hindi, usukani watetema mkononi mwako kama mtu mwenye homa. Nakuuliza kuna nini, wanijibu mimi ndugu wa babako, "Ami, tairi ni mpya, zitazoea." Zitazoea nini? Tairi ni viatu? Kisha ukaongeza redio! La haula!

Umri wako mimi nilikuwa naendesha mashua ya abiria, baina ya kisiwa chetu cha Amu na Mokowe, bara. Gari nililinunua kwa majisifu tu, likawa lalala Mokowe kama magari yetu yote watu wa kisiwani, nalikumbuka siku ya shida.

Shida ikaja. Mama yangu alipasuliwa tumbo huko Malindi, nikaenda kumrudisha nyumbani, nyuzi bado mbichi. Tairi zangu zilikuwa vipara, nikasema mama hapandi gari la namna ile, nikanunua nne mpya kulekule. Fundi akanambia mashine yake ya kupimia balansi, usawa wa magurudumu, imeharibika, nisubiri ayapeleke kwa mwenzake. Akanambia pia nikishaenda mwendo kidogo nisimame, nikaze nati tena. Nikamwona msumbufu. Nikalipa nikaondoka.

Lami ilikuwa nzuri, mwanangu, usinisingizie barabara. Nilipokanyaga mafuta tu, gari zima likaanza kutetema, viti, milango, mpaka meno. Nami nikafikiri kwa akili za mashua. Mashua ikilala upande wafanyaje? Si wahamisha watu? Basi nikasimama, magunia ya mchele niliyonunua Malindi nikayatoa kulia nikayatia kushoto, nikaona sasa kushoto kumezidi. Na mama, Mungu anisamehe, nikamshusha kiti cha mbele, mgonjwa wa watu, nikamkalisha nyuma yangu ili gari lisawazike! Mtu mzima na ndevu zangu! Tukaondoka, na gari likazidi.

Mama akasema, "Mwanangu, simama. Ndia haina shimo, ni gari lako lina jambo. Tumbo laniuma."

Nikamjibu, "Mama, gari nalijua mimi."

Hakusema tena. Nami, mjinga mkubwa, nikaona afadhali amenyamaza.

Garsen nikasimama kutia mafuta. Kijana wa kuziba pancha alikuwa akitutazama tangu tunaingia. Akaja, akainama kwenye gurudumu la mbele, akaishika nati kwa vidole, si kwa spana, kwa vidole, akaifungua. Akaenda ya pili, vilevile. "Bwana," akanambia, "gurudumu hili lilikuwa lakuaga."

Nikageuka kumwambia mama tumenusurika. Alikuwa ameukunja mtandio wake, ameukandamiza tumboni kwa mikono miwili, na mtandio umelowa damu. Mshono umefumuka.

"Mama, mbona hukusema?"

"Nilisema."

Neno hilo moja tu. Alirudishwa hospitali akashonwa upya, akakaa huko majuma mengine matatu, akapona, alhamdulillahi, akaishi miaka mingi baadaye. Hakunikumbusha hata mara moja. Heri angenitukana.

Sasa wewe nisikilize, na usitazame saa. Mkeo ana mimba ya miezi minane, na Jumamosi wataka kumpeleka Malindi kwa gari hilohilo. Lirudishe kwa fundi leo. Mwambie apime balansi magurudumu yote manne, akaze nati kwa spana nawe umesimama pale waona, na ukishaenda mwendo kidogo, simama uzikaze tena. Kama bado latetema, mwambie atafute mpaka aone ni nini, na kama hakuona, nenda kwa mwingine. Usimwambie mtu litazoea. Na barabarani mkeo akikwambia simama, simama. Usimuulize anajua nini kuhusu magari. Hata kama hana la maana, umepoteza dakika tano, basi.

Mungu akupe sikio, mwanangu, kabla hajakupa gari kubwa zaidi. Awafikishe salama, amfungulie mkeo kwa wepesi, na huyo mtoto anijie mikononi akiwa mzima, na mama yake nyuma yake akitembea kwa miguu yake. Amin. Haya inuka, fundi anafunga alasiri.