Sindano na Mchezo wa Kioo

Sindano alikuwa na kanuni moja kila alipopewa kete nyeusi za sataranji: hakubali sare maadamu ubaoni bado kuna kitu cha kugombania. Alijiwekea mwenyewe, hakuna aliyemshauri, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa ya kuivunja.

Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa fundi wa kushona vitabu katika kiwanda cha uchapaji, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mkavu wa mwili na wa maneno. Karatasi zilizokunjwa zilimfikia mafungu mafungu; yeye aliyapanga, akayatoboa mgongoni, akayashona kwa uzi uliopakwa nta. Fungu moja likikaa mahali pasipo pake alifumua kitabu kizima, hata msimamizi akiwa amemsimamia kichwani anatazama saa. Wenzake walisema uzi wake ni mrefu kuliko subira yao.

Sataranji alifundishwa na kaka yake mkubwa, mwendesha mtambo, saa za mapumziko, juu ya kasha la karatasi lililopinduliwa. Kaka huyo ndiye aliyekuwa kapteni wa timu ya kiwanda, na hata mama yao mzazi alikuwa amezoea kumwita Kapteni.

Kwa weusi Sindano alicheza ulinzi mmoja tu, miaka nenda miaka rudi. Mweupe akimsogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, yeye alimsogeza wake hatua moja. Mweupe akileta askari wa pili katikati, alimpeleka wake kumkabili. Hapo huzaliwa mchezo mzito wa kusukumana kifua kwa kifua, na kwa kusukumana Sindano hakuwa na mpinzani wa kumtisha.

Mwaka ule ligi nzima iligundua dawa yake. Mweupe anakula askari, mweusi naye analipiza, katikati panabaki peupe, na pande mbili zinafanana kama uso na kioo. Timuni waliuita mchezo wa kioo. Ukiuiga, kila kete inapata mwenzake wa kubadilishana naye, na baada ya nusu saa mnabaki wafalme wawili na askari wachache wanaokodoleana macho. Mechi tano mfululizo Sindano alichezewa hivyo. Alitoka sare nne, na ya tano akapoteza kwa hasira. Kapteni akamwambia aachane na ulinzi huo, atafute mwingine, mbona iko mingi.

“Mlango ni wangu,” Sindano akamjibu. “Mgeni akiingia vibaya nitamfundisha kuingia. Siwezi kubomoa nyumba.”

Akaenda kujifungia na ubao. Jumamosi tatu, akishaanika nguo, alipanga kete mezani jikoni na kuutazama ule mfanano mpaka ukamchosha. Ndipo akaona jambo lililokuwa wazi siku zote: anayeiga yuko nyuma hatua moja, na atakuwa nyuma mpaka mwisho. Kinga ilikuwa kuacha kuiga mapema. Mweupe humficha mfalme wake upande wa kulia, nyuma ya ngome. Watu wote humweka wa kwao hapo hapo, mkabala. Sindano akaamua kumpeleka wake upande wa pili, ili askari wake wa upande wa mfalme mweupe wawe huru kukimbia mbele bila kumwacha mtu uchi. Ni mpango wa hatari, maana mweupe naye anaweza kukimbiza askari wake kumfuata mfalme mweusi. Lakini hapo ni vita, na vita ndiyo aliyokuwa akinyimwa.

Mechi ya mwisho ya ligi ilikuwa dhidi ya timu ya hospitali. Timu mbili zilikuwa zinapanda daraja la juu. Uchapaji na hospitali zikitoka sare, zote mbili zinapanda, na timu ya kiwanda cha sabuni, iliyokwisha kumaliza mechi zake kwa jasho lake, inabaki chini. Moja ikifungwa, hiyo ndiyo inayobaki, na sabuni wanapanda.

Ijumaa, Kapteni alikuja mpaka kwenye benchi la kushonea. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba ameongea na kapteni wa hospitali, ambaye kwake si mtu baki, ni kaka wa mkewe. Mbao nne zote kesho ni sare. Sindano atakuwa na weusi dhidi ya mpima macho wa hospitali. Watacheza kioo, hatua kumi, watapeana mikono, basi.

Sindano hakuacha kushona.

“Umeshaahidi?”

“Nimeshaahidi. Shemeji yangu yule, utaniaibisha?”

“Umeahidi mkono wako, kaka. Wangu hukuniuliza.”

Kapteni akamkumbusha nani alimfundisha hata farasi anavyoruka. Akamkumbusha kwamba akipoteza, timu nzima ya kiwanda inabaki chini kwa ajili ya kiburi cha mtu mmoja. Hayo yote yalikuwa kweli, na Sindano hakuyabishia. Alisema tu kwamba watu wa sabuni nao wana mikono.

Wapo watakaosema hilo ni jambo dogo, mchezo tu wa mbao na kete. Mtu anayeuza jambo dogo amekwisha kujua bei ya kubwa.

Walichezea katika chumba cha chakula cha hospitali, meza nne zimesogezwa dirishani, birika la chai limewekwa tayari pembeni. Mbao tatu hazikuchukua robo saa. Watu wakapeana mikono, wakacheka, wakajimiminia chai. Ikabaki ya Sindano.

Mpima macho alikuwa mtu mstaarabu, shati limepigwa pasi, miwani safi. Alicheza kioo kama alivyotumwa. Kwenye hatua ya tisa, Sindano alimchukua mfalme wake na kumpeleka upande wa pili. Mpima macho alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akatoa mkono.

“Sare, dada?”

“Bado,” Sindano akasema. “Tumefika sasa hivi.”

Askofu mweusi alikuwa amemkalia farasi mweupe aliyemlinda mfalme. Mpima macho akasogeza askari wa pembeni hatua moja kumfukuza. Sindano hakumwondoa askofu. Akamleta askari wake wa pembeni hatua mbili, akimwachia mweupe amle askofu akitaka. Mpima macho alikitazama kitu kile kwa muda mrefu, hakukigusa. Badala yake akaanza kukimbiza askari wa upande wa pili kumfuata mfalme mweusi, na alikimbiza vizuri. Baada ya hatua nne askari mmoja alikuwa amemfikia farasi wa Sindano, na kinga ya mfalme wake ilianza kuachana kama mshono uliokatika.

Alikuwa anazidiwa. Kila aliyesimama pale aliona, na yeye aliona kabla yao. Mpima macho, kwa roho safi kabisa, alitoa mkono mara ya pili.

Shemeji wa hospitali akasogea na kikombe. “Dada yetu, chai inapoa.”

“Inywe basi, shemeji.”

Kapteni aliinama sikioni mwake. Hakuwa na hasira tena, alikuwa anaomba. “Unapoteza, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekufundisha, naona. Chukua mkono huo, nikuombe kwa jina la mama.”

Sindano alimtazama. Alijua anachoombwa: si sare, ni kaka yake kutoaibika. Na alijua kwamba akiushika mkono ule, angeushika kwa woga, maana sasa ubao ulikuwa dhidi yake. Sare ya jana ingekuwa udanganyifu. Hii ya sasa ingekuwa udanganyifu na uoga pamoja.

“Kaa chini, Kapteni,” akasema, na sauti yake ikasikika chumba kizima. “Unanizibia mwanga.”

Mtu mmoja akacheka. Kapteni hakukaa. Alitoka nje, mlango ukajifunga nyuma yake.

Labda ni ule mlango uliomkera mpima macho, labda ni kukataliwa mara mbili mbele za watu. Angemla farasi yule mweusi, na Sindano angekuwa na kazi ya kueleza. Lakini alirudi upande wa pili, akamla askofu aliyeachwa wazi tangu mwanzo, kama mtu anayesema, kama hutaki amani, basi lipa. Askari mweusi akalipiza kumla aliyemla, na njia ya pembeni ikafunguka moja kwa moja kutoka kwa ngome nyeusi hadi mlangoni kwa mfalme mweupe. Malkia wa Sindano akafuata. Hatua saba baadaye mpima macho alimlaza mfalme wake ubavu.

“Sikuja kucheza leo,” alisema, “hilo ndilo kosa langu.” Na alimpa mkono, safari hii Sindano akaupokea.

Uchapaji walipanda. Sabuni walipanda. Hospitali walibaki, na uongozi wao, ambao ulikuwa ukingoja sababu, ukaivunja timu na kukichukua chumba chao cha mazoezi kwa matumizi mengine. Mpima macho hakuwahi kumlaumu Sindano. Shemeji alimlaumu kaka, na kaka akaacha ukapteni.

Mwezi uliofuata timu ya kiwanda ilikutana, pamoja na wachezaji wa akiba. Kura tano kwa moja zilimwondoa Sindano kwenye orodha kwa kosa la kutomtii kapteni, kapteni ambaye hata hakuwepo tena. Ile kura moja ilikuwa yake mwenyewe. Waliomwondoa ndio waliocheza daraja la juu alilowapandisha.

Mama yao alipolazwa mwaka jana, kaka alikwenda kumwona Jumatatu na Alhamisi, Sindano siku nyingine, na muuguzi ndiye aliyepeleka habari kati yao. Kazini mtambo na benchi la kushonea viko jengo moja, ngazi moja. Kaka hupita, hutazama mbele.

Uamuzi ule ulimgharimu Sindano timu, na ndugu wa tumbo moja. Ni miaka minne sasa, na hajaomba radhi.