Kondoo Niliyemnadi Siku ya Mavuno

Mpaka leo nikipita sokoni na kikapu changu kuna kina mama wa ndizi wanaolia "mee" nyuma yangu, halafu wanajifanya wanapanga biashara, na mimi napita tu kwa sababu kosa ni langu, tena nililitangaza mwenyewe kwa kipaza sauti mlima mzima ukasikia. Basi acheni niwasimulie kwa mdomo wangu, maana huko nje habari imeshaongezewa chumvi (wapo wanaosema kondoo walikuwa watatu, jamani, alikuwa mmoja).

Kigango chetu ni kidogo, kipo juu ya mtaa wa Sekei ukipandisha kuelekea mlimani, na mali yake yote, kuanzia viti vya plastiki, masufuria na turubai mpaka kufuli la sakristia, iko chini ya kamati ya uchumi, yaani chini yangu, kwa kuwa wenzangu kwenye kamati ni hodari sana wa kutoa udhuru. Mwaka ule kilichokuwa kinaninyima usingizi ni bati la sakristia. Lilivuja mahali pabaya kuliko pote, juu ya kabati la mavazi ya Padre, na Pasaka iliyotangulia Padre aliadhimisha Misa akiwa na doa la kutu mgongoni huku watoto wa kipaimara wakioneshana kwa vidole. Niliona aibu kana kwamba doa lile liko kwenye gauni langu. Nikajiapiza kuwa mnada wa mavuno ndio utakaonunua bati.

Kwa asiyejua, siku ya mavuno kila mtu analeta alichojaliwa, mahindi, ndizi, kuku, mbuzi, vinabarikiwa, na baada ya Misa tunavinadi palepale uwanjani, kwaya ikiimba kila bei inapopanda. Mnadishaji ni mimi, kwa sababu ya hii sauti yangu (mume wangu anasema nilikosea kuzaliwa mtu, nilipaswa kuwa kengele).

Sasa siku hiyohiyo, mchana wake, Anjela alikuwa aletewe mahari. Anjela ni binti niliyemsimamia ubatizo, nampenda kama niliyemzaa. Mchumba wake, Elibariki, anatoka Meru, watu wa Kilutheri, wastaarabu, lakini safari ya kwanza ndugu zake walikuja bila kondoo dume mweusi ambaye Baba Anjela alikuwa amemtaja, wakasema watamleta baadaye, na Baba Anjela (mtu mwema, ila kudharauliwa hapendi hata kwa bahati mbaya) akawarudisha walikotoka bila hata kuwapa chai. Akasema wakija mikono mitupu tena, habari ya ndoa imeisha. Mtoto wa watu alikonda. Asubuhi ile alinishika mkono mlangoni mwa kanisa akaniambia, "Mama, wewe niombee tu kondoo afike."

Nikamwambia nitamwombea. Na kweli nilimwombea, kwenye Misa, kwa jina lake.

Misa ilipokwisha nikazunguka nyuma kukusanya wanyama, na pale kwenye uzio, karibu na mibuni, nikamkuta kondoo dume mweusi, mnene, anang'aa, anatafuna majani yetu bila wasiwasi. Mngedhani nitashtuka kuona kondoo mweusi siku ile. Sikushtuka. Nilipomtazama niliona bati.

Kitu kimoja tu kilinisimamisha. Kwetu mnyama akishabarikiwa, katekista anamfunga utepe mwekundu shingoni, na huyu hakuwa na utepe. Ningeweza kuuliza. Katekista alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anagombana na jogoo. Lakini nikajiambia, nani huyo anayefunga mnyama kwenye uzio wa kanisa siku ya mavuno kama hajamtoa, basi katekista kapitiwa, nikafungua utepe wa kikapu cha mayai nikamvisha kondoo mwenyewe kwa mikono yangu miwili. Utepe ule ndio ulioniponza.

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo nilikuwa natumia kile kipaza sauti cha betri cha kubeba begani kwa mkanda. Nikamleta kondoo katikati, watu wakaguna kwa uzuri wake, nikaanza na elfu hamsini. Pale nyuma kabisa alikuwa amekaa mzee mmoja mgeni, koti la kijivu, kofia mapajani, mtu mtulivu ambaye hakuna aliyemfahamu. Alipomwona kondoo akasimama nusu, akainua mkono.

"Mzee wangu wa koti la kijivu, elfu sitini! Mungu akuzidishie!"

Kwaya ikaimba. Mzee akatikisa kichwa, akainua mikono yote miwili akiipunga, na mimi nikalia kwa furaha, "Elfu themanini! Mnaona wageni wanavyotufundisha kutoa?" Watu wakampigia makofi, bibi mmoja akaenda kumpepea kwa kanga. Akafungua mdomo kusema neno, vigelegele vikalimeza.

Hapo Baba Anjela akasimama. Mgeni amshinde yeye kwenye kigango chake? Akasema laki. Mzee akainua tena mkono, safari hii kidole kimoja, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Nikamwongezea. Baba Anjela akapanda. Ikawa hivyo mpaka laki mbili, mzee akaishiwa nguvu akakaa kitako akifuta jasho, na Baba Anjela akamchukua kondoo. Akatangaza kwa majigambo, "Kondoo wa namna hii ndiye niliyewaambia wale watu! Sasa wakija tena bila kitu, mimi nina nyama yangu." Akawapa vijana wake kamba wakampandishe nyumbani, wakamchinje kwa ajili ya wageni.

Nilikuwa mbinguni, wenzangu. Bati nilishaliona linang'aa. Nikamfuata yule mzee kumpa pole ya kushindwa.

"Shikamoo, mzee wangu. Umetupa moyo sana leo."

"Marahaba, mama," akajibu taratibu, kofia ameikunja mkononi mpaka imepoteza umbo. "Ila mimi sikuwa nanunua. Nilikuwa naomba kuuliza. Yule kondoo ni wetu. Tulishuka na gari hapo barabarani, kijana akabaki kuwangojea wenzetu wanaoleta mablanketi na soda, mimi nikasema nisali na wakwe kwanza, nikamfunga hapo kwenye uzio."

"Wakwe gani, mzee?"

"Kwa kina Anjela. Mimi ni baba mkubwa wake Elibariki, safari ya kwanza sikuja. Naitwa Anaeli."

Ninachokumbuka ni kwamba nilivua viatu, nikapandisha kitenge, nikakimbia. Mimi, na mwili huu, kwenye ule mteremko, tena kwa kupanda. Nilikuwa nalia huku nakimbia, maana nilimwona Anjela na ule mkono wake mlangoni, nikawa nasema kimoyomoyo, "Ee Bikira Maria, nimeuza mahari ya mwanangu, wanaichinja mahari, jamani msimchinje, Mama nisaidie, mapaja yangu yanaungua."

Kimoyomoyo? Kile kipaza sauti kilikuwa bado begani kwangu na hakikuwa kimezimwa. Kila neno, kila pumzi, mpaka habari ya mapaja, vilikuwa vinashuka mlimani na kufika uwanjani kwa Padre, kwa kwaya, kwa Baba Anjela aliyekuwa bado anapokea pongezi. Nilishangaa mbona watu wanatoka majumbani kunitazama kabla sijawafikia.

Lakini kilisaidia. Kule juu vijana walikuwa wameshamlaza kondoo, kisu kinanolewa kwenye jiwe, wakasikia sauti inatoka bondeni, "Msimchinje!", wakaacha kila kitu wakifikiri ni sauti ya Mungu. Nilipofika nikamwangukia kondoo shingoni. Anjela alikuwa mlangoni mwa jiko, ameshasikia yote, uso umemshuka kabisa. Aligeuka akaingia ndani akilia kimyakimya. Ingekuwa nafuu angenisema.

Baba Anjela akafika akihema, nyuma yake Mzee Anaeli na Elibariki na ndugu zao na mablanketi yao. "Nielewesheni," akasema Baba Anjela. "Hapa mimi natolewa mahari au natoa mahari? Kondoo nimemlipia mbele ya kanisa zima. Ni wangu. Hawa watu wamekuja mara ya pili bila kondoo."

Nikapiga magoti. Nikasema kosa ni langu, hela atarudishiwa, wageni hawana hatia. Akasema alichotoa mbele ya Mungu hakiwezi kurudi mfukoni mwake, nikamwelewa, mtu alikuwa amebanwa na heshima yake mwenyewe. Elibariki alikuwa anatazama chini. Nikajua ndoa imevunjika na nimeivunja mimi kwa ajili ya bati.

Ndipo Mzee Anaeli akasogea, akavua kofia.

"Mkwe," akasema, "ulitaka kondoo mweusi asiye na doa. Tumemtafuta mpaka kwa Wamasai, ng'ambo ya mlima. Usiku mzima sikulala, naogopa utamkagua utampata kasoro. Leo umemwona, umempenda, umempigania na mimi mwenyewe mbele ya watu wote. Sasa utamkataaje?"

Baba Anjela akamtazama kondoo, akamtazama mzee. Mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. Alipopata pumzi akaichukua kamba, akampa Mzee Anaeli mkononi, akarudi kukaa kwenye kiti chake, akakaa sawasawa, akasema, "Haya, wageni, karibuni. Mmetuletea nini?"

Mzee akampokeza kamba kwa mikono miwili. Anjela akalia kule jikoni, safari hii kwa sauti, nami nikamfuata tukalia wote.

Harusi ilifungwa, bati likawekwa, na mvua inaponyesha Padre ananitazama anatabasamu. Mimi nimeapa, na naapa tena mbele yenu, sitamfungua mnyama wa mtu bila kumwona mwenye mnyama. Siku hizi kabla ya kunadi hata kifaranga nauliza, "Huyu ni wa nani?", nauliza tena na tena mpaka watu wanapiga kelele niendelee.

Mzee Anaeli naye huja kila mavuno na wajukuu wake, watoto wa Anjela, anakaa palepale nyuma, na koti lake lilelile. Nikishika tu kipaza sauti, anaichukua mikono yake yote miwili na kuikalia.