Shangazi Eduviges wa Duka la Kambi

Shangazi yangu Eduviges Colón alipoajiriwa katika duka la kambi, baba yake hakumsemesha mwezi mzima. Babu Telesforo alikuwa na sababu. Kwa miaka kumi na tano aliwauzia askari kahawa na mapera ya kugandishwa kwa sukari langoni mwa kambi, huku kwetu milimani Puerto Rico. Mwaka 1941 jeshi likafungua duka lake ndani, na wachuuzi wakasukumwa mpaka ng'ambo ya barabara.

"Mimi wamenifukuza, wewe wamekuchukua," alimwambia bintiye.

Shangazi aliuza nyembe, sabuni, sigara, viatu na rangi ya viatu. Kila kitu kililetwa kwa meli kutoka Marekani, hata kahawa, ikiwa ndani ya makopo. Askari karibu wote walikuwa vijana wa kwetu, waliokulia mashamba ya kahawa.

"Dada Edu, hii kahawa au maji ya kusuuzia sufuria?"

"Kunywa, usinichongee kwa meneja!"

Mwaka 1950 vijana waliambiwa wanakwenda kupigana Korea. Wiki ya mwisho hawakuruhusiwa kutoka nje ya lango. Walizunguka dukani wakiulizia kahawa ya nyumbani na mapera, wapate kitu cha kutia mkobani. Jioni shangazi akamwendea baba yake.

"Baba, naomba kahawa."

"Ya hao wazungu wako?"

"Ya vijana wanaokwenda vitani."

Babu alimtazama, akaenda kuwasha jiko. Kesho yake vifuko vidogo vya kitambaa, vyenye kahawa ya babu, vilikuwa vimejaa juu ya kaunta ya duka.

Meneja, Bwana Pritchard, aliviona kabla ya saa sita.

"Hapa si sokoni, Eduviges. Vua aproni, nenda nyumbani."

Akaivua. Sajini Belén Maldonado, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akarudisha sabuni yake kwenye kaunta.

"Basi na mimi sinunui."

Wa nyuma yake akarudisha nyembe. Foleni nzima ikatoka nje. Kwa siku mbili hakuna askari aliyekanyaga dukani.

Siku ya tatu Bwana Pritchard alivuka barabara kwa miguu. Babu akammiminia kikombe.

"Karibu huku tulikotupwa, bwana."

Meneja akanywa akiwa amesimama, mpaka tone la mwisho.

"Vijana wanaondoka Jumamosi, nao wamenuna," alisema taratibu. "Mwambie binti yako arudi. Na kahawa aje nayo."

"Mwambie mwenyewe. Yuko nyuma yako."

Shangazi alirudi, na Jumamosi hakuna aliyeondoka bila kifuko.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Shangazi hakuthubutu kuulizia jina la mtu. Alitazama mlango tu, aone nani anaingia. Wengi hawakuingia tena.

Sajini Belén aliingia akiwa na mkongojo. Baridi ya Korea ilikuwa imemla vidole vya miguu.

"Edu, nataka viatu. Ila nimebakiza vidole vitatu. Mtanipunguzia bei?"

Shangazi alicheka kwa sauti kubwa, kisha akasema anakwenda ghalani kutafuta saizi. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka uso ulikuwa umeoshwa, na maboksi manne mikononi. Akapiga magoti mbele ya sajini na kuanza kumpimisha, kimoja kimoja, bila haraka.