Anzori Alipowaruka Marehemu

Mume wangu Anzori alikuwa fundi wa pampu za maji na matrekta, mikono imejaa grisi hadi kwenye kucha. Lakini siku ya harusi, ubatizo au matanga alioga, akavaa koti, akawa tamada, mkuu wa meza. Miaka thelathini na moja. Hapa kwetu Kakheti, mkoa wa mizabibu, divai hainywewi hivihivi. Hunywewa kwa maneno, na maneno yana foleni yake: Mungu, amani, wenye karamu, wazazi, marehemu, watoto, na kuendelea hadi watu wachoke. Mkuu wa meza huishika foleni hiyo kichwani, huku akiangalia nani amelewa, nani amenuna, mgeni gani bado hajatajwa. Anzori aliyaweza yote hayo na bado akapata nafasi ya kunikonyeza nikipita na sinia la mishikaki. Nilikuwa najidai naye, sifichi.

Sasa sikilizeni alivyoharibikiwa. Jirani yetu Jemali, wa ng'ambo ya barabara, alikuwa anambatiza mjukuu wake. Jemali na Anzori walikwenda jeshini pamoja, wakasaidiana kujenga, wakagombana kila wiki na kupatana kila Jumapili. Mama yake Jemali, Bibi Tsiala, tulikuwa tumemzika majira ya kuchipua, na nyumba ile ilikuwa haijavua nguo nyeusi. Anzori akawanywea wazazi. Akaizungusha glasi. Halafu akasema, "Na sasa, watoto!"

Meza nzima ikatazamana. Amewaruka marehemu, tena nyumbani kwa mfiwa! Nilikohoa. Nikakohoa tena kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Anzori akaendelea na watoto. Basi Jemali akasimama mwenyewe, akachukua kipande cha mkate, akakidondoshea divai, akalitaja jina la mama yake, akaketi. Wageni walipoondoka alitufuata mpaka langoni.

"Anzori, umemruka mama yangu."

"Nimesahau."

"Umesahau? Mama aliyekunywesha supu kwa kijiko ulipougua manjano?"

"Nimesahau," alisema Anzori, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayeulizwa basi linaondoka saa ngapi.

Nadhani Jemali angesamehe kusahau, kwa kuwa nani hasahau? Uso ule ndio uliomchoma. Tangu siku hiyo alipita mbele ya ukuta wetu bila kutupa hata "habari gani".

Na mimi? Ningependa kusema nilimtetea mume wangu. Sikumtetea. Nilikuwa na kesi zangu mwenyewe. Msimu wa zabibu ulifika, yeye ndiye wa kuita wachumaji, kuosha mtungi mkubwa wa divai uliofukiwa ardhini, na kuazima mashine ya kukamulia. Wachumaji walikuja, zabibu zikajaa matenga, mtungi haujaguswa. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nafikiria nianze na lipi."

"Anza na kiatu, bwana wee!"

Hakucheka. Hakukasirika pia, na hilo ndilo lililonitia wazimu, maana ugomvi unataka watu wawili. Aliacha kwenda kwenye meza za watu. Aliacha kucheza dama pale dukani. Ukimwambia twende, anakwenda, usipomwambia, anakaa. Nilifikia hata kumdhania ana mwanamke wa nje. Anzori! Mtu wa kusukumwa ili ainuke kitandani, huyo mwanamke angempata saa ngapi? Siku moja nilimwambia, "Jemali amepita hakutusalimu. Huoni uchungu?"

"Naona."

"Mbona hauonekani?"

Akavitazama vikombe vya chai mezani. Nikasema, "Kumbe nimeolewa na ukuta." Yeye akainuka polepole, akaenda kuosha vikombe. Neno hilo bado linanirudia, na kila likirudi naona haya.

Wakati wa baridi binti yetu Khatuna, mfamasia wa mjini Telavi, alikuja nyumbani mashavu mekundu. Alisubiri tule kwanza, halafu akasema, "Baba, nimechumbiwa. Na Levani."

"Vizuri," alisema Anzori, akaendelea kumega mkate.

Basi, hakuna zaidi. Msichana aliyebebwa mabegani na mtu huyo mpaka akawa na miaka saba! Khatuna alitoka kwenda uani, nikamkuta nyuma ya banda la kuni analia. "Baba hamtaki Levani," alisema. "Nimemwona usoni, mama. Hamtaki." Mimi nikarudi ndani nikiwa nimekunja mikono ya gauni, tayari kumwaga maneno ya mwaka mzima, na nikayamwaga. Maharagwe yalikuwa yanaungua jikoni, moshi umeshaanza, na Anzori ameketi hatua mbili kutoka pale, hasikii harufu.

Khatuna aliyekuwa amesimama mlangoni, pua imevimba kwa kilio, ndiye aliyeona. Akazima moto. Akamwambia baba yake alete kuni, akamtazama anavyokwenda: mkono wa kushoto hauchezi, umening'inia tu. Akachukua daftari la baba yake la kazi za pampu. Maandishi ya mwaka juzi yalikuwa makubwa, ya mtu mwenye nafasi. Ya mwezi huo yalikuwa madogo kama sisimizi, na kila mstari ulivyokwenda ndivyo yalivyozidi kupungua.

"Mama, acha kumgombeza," alisema. "Baba ni mgonjwa."

Tulimpeleka Tbilisi kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Alimpima mikono, akamtembeza koridoni. Kisha akampa karatasi yenye namba na herufi zilizotawanyika, aziunganishe kwa zamu: moja, kisha herufi ya kwanza, mbili, kisha ya pili. Mtu aliyeshika zamu za wageni mia mbili kichwani alifika namba ya tatu akakwama. Jasho lilimtoka. Nilitamani nimshike mkono nimwonyeshe, na daktari akanitazama niache.

"Ni Parkinson, bado ya mwanzoni," alisema baadaye.

"Lakini hatetemeki huyu!" nilibisha. "Parkinson si ya kutetemeka?"

"Si wote wanaanza kwa kutetemeka, mama. Wengine huanza na yale ambayo nyumbani huitwa uvivu. Au kiburi." Akanieleza taratibu. Akili yake ipo, na mapenzi yake yapo. Kilichopungua ni kupanga mambo kwa mstari, kuanza, kushika mawili kwa pamoja, na ile hamu inayomwinua mtu kitini. Hata misuli ya uso imekuwa mizito. "Usimsome usoni," alisema. "Muulize, kisha umngoje. Umngoje kweli." Akatuandikia dawa, akaonya kwamba zipo zinazoweza kumtia mtu tamaa ya kamari au ya kununua ovyo, tukiona hivyo tumpigie simu. Nikamwambia huyu hanunui hata soksi zake. Anzori akasema, "Labda nianze." Ulikuwa mzaha wa kwanza baada ya miezi mingi, na kwa uso ule ule mkavu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mzaha. Nilikwenda koridoni nikalia, kwa sababu miezi yote hiyo nilikuwa namgombeza mgonjwa.

Nyumbani nilijifunza kungoja. Kwa mwanamke kama mimi, heri kufunga mwezi mzima. Nilimuuliza, "Unafurahi Khatuna anaolewa?" nikaziba mdomo. Kuni zikapasuka jikoni. Paka akaingia, akatoka.

"Nafurahi," alisema hatimaye. "Ila furaha yangu inafika imechelewa. Ikifika, nyie mmeshaondoka mezani."

"Na kwenda kwa watu, hutaki?"

"Nataka nitake, Makvala. Kutaka kwenyewe ndiko kunakonishinda."

Khatuna naye alielewa ugonjwa kama mfamasia anavyoelewa. Alizijua dawa zote kwa majina. Lakini mtoto ni mtoto: kila akimtaja Levani alimwangalia baba yake usoni, na kila mara alishusha macho. Hakuniambia kitu, nami sikuhitaji kuambiwa. Alitaka kuolewa akijua baba yake ameridhia, na ridhaa ile hakuiona popote.

Harusi ilipokaribia kijiji kizima kiliuliza nani atashika meza. Nilimuuliza Anzori, nikangoja.

"Jemali," alisema.

"Jemali hatusalimu!"

"Ndiyo maana."

Akachukua karatasi akaandika, asubuhi nzima. Niliisoma nikichungulia juu ya bega lake: vaa viatu; chukua jagi na mkate; vuka barabara; mwambie unaumwa; mnywee Tsiala; muombe ashike meza. Nilitaka nitangulie nikamweleze Jemali ili mambo yawe mepesi. Akanikataza. "Njoo," alisema, "lakini funga mdomo."

Jemali alikuwa anakata matawi ya mizabibu. "Heh! Umepotea njia?" alisema. "Huku kunaishi watu wanaosahaulika."

Anzori akatoa karatasi.

"Unanisomea, Anzori? Wewe? Miaka thelathini mdomo wako haukujua breki, leo unakuja kwangu na risala?"

"Nisipoisoma, nitaruka tena," alisema Anzori.

Jemali akaacha mkasi. Anzori akasoma kwamba ana Parkinson, kwamba imemshika kichwa na uso kabla ya mikono. Kisha akamnywea Tsiala, polepole, akikwama katikati ya sentensi, uso mkavu kama ubao: supu, kijiko, na jinsi mama yule alivyomwita "mwanangu wa upande wa pili wa barabara". Mara tatu nilifungua mdomo nimsaidie, nikaufunga. Alipomaliza akadondosha divai kwenye mkate. Jemali alikuwa anajifuta macho kwa mkono wenye utomvu.

"Shemeji," aliniambia kwa hasira, "mficha maradhi kilio humuumbua. Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikuwa hatujui," nilisema. "Na wewe hukuuliza."

"Nilimwona usoni!"

"Na mimi pia," nilisema.

Siku ya harusi Jemali alishika meza. Alikuwa mkali kama kawaida yake, mtu asiyeweza kungoja hata chai ipoe. Foleni ilipofika kwa wazazi, akamwita baba wa bibi harusi. Anzori akasimama. Karatasi haikuwepo, nilijua, kwa sababu koti lake nililipiga pasi mimi. Akashika glasi. Hakusema kitu. Wageni mia mbili wakatulia, halafu wakaanza kusogeza viti. Mjomba mmoja wa upande wa Levani akanong'ona kwamba mzee ameshazidisha. Mwingine akaanza wimbo, ili kuokoa aibu.

Jemali akapiga meza kwa kiganja. "Nyamazeni," alisema. "Anakuja."

Wimbo ukakatika. Jemali akabaki amesimama, mkono juu ya meza, akiwakazia macho watu mia mbili mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu hata kumeza. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Khatuna alikuwa amemtazama baba yake usoni, kama kawaida, na kama kawaida hapakuwa na kitu pale.

"Khatuna," alisema Anzori. "Levani. Nimefurahi." Akapumzika. "Usoni haionekani. Kwa hiyo nawaambia kwa mdomo. Nimefurahi sana, mwanangu. Tangu ile siku uliponiambia nikimega mkate."

Khatuna aliruka kutoka kitini kumwendea baba yake, na gauni lake jeupe likaangusha chupa mbili za divai.