Baba na Kofia Yake Menoni

Juzi, katika mji ambao sina mwenyeji, harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta ilinisimamisha mlangoni pa fundi viatu. Ndiyo harufu iliyokuwa mikononi mwa baba tulipohama Malindi kwenda Sydney, mwanzoni mwa miaka ya 2010, nami nina miaka kumi. Tulishuka ndege tukapanda nyingine, miguu ikavimba, na baba kila mara akiinua viganja akivinusa. Alikuwa muuza maji kwa mkokoteni wa punda, na asubuhi ya safari alizipaka mafuta hatamu za ngozi za punda wake, Sultani, kisha akamkabidhi kwa jirani. Niliona haya anavyojinusa mbele za watu, nikageukia dirisha la ndege.

Tulipanga nyumba Toongabbie, viungani mwa Sydney. Mama akapata kazi ya kumtunza mzee mmoja, Ron, aliyeishi peke yake nje kidogo ya St Marys, na Jumamosi mimi na baba tulimfuata kwa treni. Zamani Mzee Ron aliendesha farasi wa mashindano, wale wanaovuta kigari cha magurudumu mawili, mpaka magoti yakamkatalia. Alibakiwa na farasi mmoja mfupi, wa mashindano ya watoto, mwenye rangi ya biskuti iliyoungua kidogo. Nikamwita Biskuti. Baba alipomgusa shingo mara ya kwanza aliinua kiganja akakinusa.

Mzee Ron alinifundisha kukaa kigarini na kushika hatamu, kisha akaniwekea sharti. "Huyu hapigi shoti. Ni hatua za haraka tu, miguu ikipokezana. Siku ya mashindano mfikishe mwisho hivyo, atakuwa wako."

Usiku nililala nikilitaja jina la Biskuti.

Siku ikafika. Tulikuwa watoto sita. Kwenye kona ya mwisho nilikuwa wa tatu, Biskuti akitwanga ardhi sawasawa kama mchi kinuni. Mara sauti ikatoka kwenye uzio wa watazamaji: "Mwachie, Salim! Mwachie, mwanangu, aruke!"

Kwetu punda wakishindana ndivyo watu wanavyoshangilia. Sharti nililijua, lakini sauti ya baba ilikuwa kubwa kuliko sharti. Nikalegeza hatamu. Biskuti akapiga shoti, tukawapita wote, na baba akacheza chakacha pale uzioni. Alikuwa akicheza peke yake. Tukahesabiwa wa mwisho, kwa kosa la kupiga shoti.

Kwenye treni alisema neno moja tu: "Nimekuharibia."

Lakini Jumamosi iliyofuata Mzee Ron alicheka mpaka akakohoa, akasema bado kuna mashindano mengine kabla ya msimu kwisha. Mara hiyo ya pili baba alivua kofia yake ya viua, iliyotariziwa kwa mkono, akaiuma asije akapiga kelele tena.

"Baba Salim," mama akamwambia, "ukiimaliza hiyo, nyingine mpaka Malindi!"

Nilipopinda kona nilimwona, macho yamemtoka, kofia menoni. Nikacheka, na mikono yangu ikatulia. Tulifika wa tano, bila shoti hata moja. Mzee Ron alinitupia hatamu begani. "Haya, mpeleke farasi wako akanywe maji."

Nilikuwa naye mwaka mmoja na kitu. Kisha Mzee Ron akachukuliwa na bintiye, malisho yake yakauzwa, na baba akapata kazi mbali, kaskazini. Biskuti tukampa msichana wa jirani, mwenye mikono mitulivu kuliko yangu. Siku ya kuondoka niliikumbatia shingo ya Biskuti nikakataa kuingia garini. Baba hakunihimiza. Alisimama langoni, kofia menoni, nami nikamchukia, nikidhani anazuia kicheko.

Tangu hapo nimehama miji mingi, na kila mmoja nimeuaga bila kutokwa na chozi. Mji ule wa Biskuti tu ndio ulionishinda.

Garini baba aliushika mkono wangu, akauinua puani, akanusa. Nikamnyang'anya. Sikujua bado kwamba harufuni mle mlikuwa na Biskuti, na Sultani pia. Ningejua, ningemwachia mkono ule njia nzima.